Bahasha Nne na Friza Moja

Jumamosi, 6 Septemba

Sabato imeisha dakika kumi zilizopita na tayari nimehesabu pesa mara tatu. Elfu themanini na nane! Pesa za miwa, zilizochelewa miezi mitano. Sijawahi kuwa na pesa nyingi hivi ndani ya nyumba. Kila pikipiki inayopita barabarani naona kama inakata kona kuja kwangu.

Leo mchana Mchungaji alifundisha juu ya uwakili wa Mkristo. Alisema pesa si zetu, ni za Mungu, sisi ni watunzaji tu. Kila shilingi ipewe jina kabla haijatoka mlangoni, la sivyo itajitafutia jina yenyewe. Kisha akagawa bahasha nne kwa kila nyumba. Zaka. Karo. Nyumba. Dharura. Akauliza nani atajaribu kwa wiki nzima na kutoa ushuhuda Sabato ijayo. Jirani yangu Boaz, ambaye ni shemasi na mtu wa kudai risiti hata ya kiberiti, akainua mkono. Mimi nikainua miwili.

Nimegawa hivi. Zaka 8,800. Karo 46,000, maana binti yetu Irine anaingia chuo cha uuguzi Homa Bay Jumatatu ya tarehe 15. Nyumba 20,000. Dharura 13,200. Jumla imefika, hakuna hata shilingi iliyopotea njiani.

Zilpah, mke wangu, alitaka karo ikae benki mpaka siku ya kulipa. Nikamweleza kwamba Mchungaji amesema bahasha. Akasema hata benki wana bahasha. Wakili wa nyumba ni mimi.

Jumapili, 7 Septemba

Zilpah ameenda Mbita. Mama yake amefanyiwa upasuaji wa jicho na anahitaji mtu wa kumshika mkono. Alichukua elfu tatu kutoka bahasha ya Nyumba, akaandika kwenye daftari, kisha akasimama mlangoni akiniangalia kama mtu anayeacha maziwa mekoni.

"Baba Irine," akasema, "wiki hii kazi yako ni moja tu. Usifanye kitu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Niko peke yangu. Irine yuko kwa shangazi yake Homa Bay mjini, anamalizia masomo ya kompyuta, atarudi Ijumaa. Niliweka bahasha chini ya godoro. Nikakumbuka panya. Nikaziweka ndani ya debe la unga. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye nitakayepika, na huwa si makini. Nikaziweka juu ya kabati, nikakaa chini, nikaanza kuliangalia kabati. Saa nzima! Mwizi yeyote angechungulia dirishani angejua.

Mwishowe nimezivaa. Mbili ndani ya koti, mbili ndani ya suruali. Nikitembea nasikika kama shamba la miwa wakati wa upepo.

Jumatatu, 8 Septemba

Shida ya kwanza. Bahasha ya Nyumba ina noti za elfu moja tu na mwenye kibanda hakuwa na chenji ya majani ya chai ya shilingi hamsini. Dharura ilikuwa na hamsini. Je, majani ya chai ni dharura? Nilisimama pale nikitafakari mpaka mwenye kibanda akauliza kama naumwa.

Nimekopa. Lakini nimekopa kwa utaratibu! Nimeandika karatasi: "Nyumba inadaiwa na Dharura shilingi 50. Mkopaji: Nicanor. Mkopeshaji: Nicanor. Shahidi: Mungu." Nikaitia ndani ya bahasha. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Halafu Boaz akapita kunisalimia, na mkononi ana bahasha sita. Sita! Za rangi mbalimbali. Alisema ameongeza mbili: ya Wajane na ya Wageni. Mimi sikuwa nimewafikiria wajane hata kidogo. Wageni ndio kabisa.

Nimeenda mjini Awendo kununua bahasha za rangi, faili, kalamu tatu na kalkuleta. 1,150. Karo imekopesha, kwa riba ya asilimia kumi. Riba ilinisumbua kidogo, kwa sababu Neno linakataza kumtoza maskini. Nikachunguza. Mkopaji ni mimi, na mimi si maskini, nina elfu themanini na kitu mfukoni. Nikaendelea.

Jumanne, 9 Septemba

Siwezi kutulia.

Pale penye duka la kalkuleta (nilirudi kubadilisha, ilikuwa haina tarakimu saba) nilikutana na kijana mmoja, Cliff, wa Sindo, kule ufuoni mwa ziwa. Anahamia Nairobi na anauza friza. Ile kubwa ya kulala, ya mlango wa juu. Iko ndani ya kibanda chake karibu na bichi, pale mitumbwi ya samaki inapotua, kodi imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Anataka 38,000. Alisema wauza samaki wa Sindo wanalilia barafu usiku na mchana.

Nimepiga hesabu na kalkuleta mpya. Mfuko mmoja wa barafu shilingi 40. Mifuko mia moja kwa siku ni 4,000. Mifuko mia mbili ni 8,000! Kufikia mwisho wa mwezi friza imejilipa mara mbili, na Sabato hii nitasimama mbele ya kanisa kama yule mtumwa aliyepewa talanta tano akarudisha kumi. Boaz atarudisha bahasha sita zilezile, kama yule aliyechimba shimo. Ni kweli, atakuwa ameweka rangi kwenye shimo. Lakini shimo ni shimo.

Kwa tahadhari nilipita kwa Mama Kaltum, anayeuza vitu vya stima hapa mjini, ili nipate ushauri wa kitaalamu. Yeye aliuliza maswali matatu tu. Friza ina waranti? Cliff anahama kwa nini? Na stima ya Sindo mimi naijua? Nikamwambia mimi ni mtu wa imani. Akasema imani ni nzuri, yeye mwenyewe anaswali mara tano kwa siku, lakini ana jenereta nyuma ya duka.

Nimerudi nyumbani nikaomba ishara. Nilisema: Boaz akikohoa kabla ya saa mbili, ninunue. Amekohoa mara nne. Ana mafua tangu Ijumaa, ni kweli. Lakini Mungu hutumia vilivyopo.

Jumatano, 10 Septemba

Sindo. Nimenunua!

Karo imetoa 30,000, Dharura 8,000. Karatasi zimeandikwa, riba imewekwa, sahihi zipo. Cliff alihesabu pesa haraka sana, akanipa ufunguo, akapanda pikipiki na godoro lake mgongoni. Sijawahi kuona mtu akihama kwa furaha namna ile.

Friza inanguruma vizuri. Nimeiwekea mkono juu na kuiombea.

Halafu matatizo madogo. Barafu inawekwa ndani ya nini? Nilikuwa nimefikiria mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku zamani! Mimi mwenyewe nilishawahi kukaripiwa na askari kwa sababu ya mfuko mmoja. Nimenunua mikebe. Halafu waya wa stima haukufika ukutani. Nimenunua waya. Pamoja na nauli ni 4,600, Dharura tena. Dharura imebaki na 550. Kwa jina lake ndiyo bahasha inayonitia wasiwasi zaidi.

Lakini tatizo kubwa ni hili, na sijui kwa nini sikulifikiria nikiwa Awendo. Kutoka hapa hadi Mbita si mbali. Zilpah yuko Mbita. Ndugu zake wametapakaa ufuoni huu wote, kila mama wa tatu anayepita na beseni ana pua ya mama mkwe. Nimenunua kofia. 250, nimeiandika chini ya Dharura.

Zilpah alipiga simu jioni kuuliza nimekula nini. Nilisema ugali na mboga. Akauliza mbona kuna kelele za ndege wa ziwani. Nikasema ni redio.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi nilikuwa tajiri.

Mikebe kumi na nne ilitoka kabla ya saa nne! 560! Mama mmoja alinunua miwili, na kwa sababu alikuwa mcheshi nilimpa wa tatu bure. Aliniuliza jina, nikamwambia. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia pia. Biashara ni uhusiano.

Mchana akaja Benta. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki aina ya mbuta, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika kisiwani. Lori lake halitakuja hadi kesho saa moja asubuhi, naye ana kilo sitini na mbili za samaki na barafu yake imeyeyuka. Akauliza kama friza inaweza kumhifadhia mpaka asubuhi. Nikasema mama, weka hata mwaka. Bei ya kulaza, 600. Akasema anataka maandishi, samaki wakiharibika nani analipa. Nikaandika bila kusita. Siku hizi kuandika karatasi hakunisumbui. "Samaki wakiharibika, Nicanor atalipa kilo kwa shilingi 400." Sahihi. Tarehe. Hata nikaupamba mstari wa chini.

Saa kumi alasiri friza ilinyamaza.

Nilidhani nimekuwa kiziwi. Nikapiga makofi kujaribu masikio. Nikatoka nje. Vinyozi wote wamesimama mlangoni na mashine mkononi, wateja wana nusu kichwa. Nikauliza stima itarudi lini. Kinyozi mmoja akasema mara nyingi hurudi. Hakusema lini.

Nimeifunika friza kwa blanketi na koti langu. Kila dakika kumi nafungua mlango nione kama baridi ipo. Ipo. Inapungua. Nafungua tena.

Ijumaa, 12 Septemba

Bwana nihurumie.

Stima haikurudi. Saa moja asubuhi Benta alifungua friza mwenyewe. Hakupiga kelele. Ningependa sana angepiga kelele. Alibonyeza samaki mmoja kwa kidole na kidole kikaingia. Mtu wa lori alinusa, akatikisa kichwa, akaondoka. Benta akauliza nilifungua mara ngapi. Nikasema mara chache. Kinyozi, ambaye hakuulizwa, akasema kila dakika kumi, alinihesabu kwa sababu hakuwa na kazi.

"Jaduong', mzee wangu," Benta akaniambia, polepole kabisa, "friza bila stima ni sanduku. Sanduku ukilifunga linatunza. Wewe umekaa ukilipepea."

Halafu akatoa karatasi yangu. Kilo sitini na mbili mara mia nne. Kalkuleta ilisema 24,800. Nikajaribu mara ya pili. Ilisema vilevile.

Nilimwomba anipe wiki. Akasema ana watoto wanne na mkopo wa kikundi unaolipwa leo saa sita, na wenzake ndio waliomdhamini. Bahasha ya Nyumba, baada ya chakula cha wiki, ilikuwa imebaki na 16,000. Nikatoa zote, maana Karo nilishaapa kutoigusa tena. Zikakosa 8,800. Unajua ni kiasi gani hicho? Ni zaka. Hadi senti! Niligeuka ukutani, nikafungua bahasha ya Zaka, nikaandika karatasi haraka haraka, nikaitia ndani, nikaibandika tena. Mkono ulikuwa wa baridi kuliko friza.

Samaki wamezikwa nyuma ya kibanda. Nimesaidia kuchimba shimo. Ndiyo. Shimo. Sitaki kulizungumzia.

Stima imerudi saa sita na dakika tano.

Irine alipiga simu. Amefika nyumbani, mlango una kufuli, baba uko wapi? Nikasema niko kwenye shughuli za uwakili. Nimefika Awendo jua likikaribia kuzama. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na begi lake, amevaa viatu vyeupe vya uuguzi ambavyo shangazi yake amemnunulia, anavizoeza. Aliviinua nivione. Akauliza kama karo iko tayari.

Nikasema iko ndani ya bahasha.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilitaka kuugua. Sikuugua. Homa ikihitajika haipatikani.

Boaz alitoa ushuhuda kwanza. Bahasha sita, daftari, risiti zimebandikwa na gundi. Wajane wawili wamepewa sukari. Alikohoa, akaketi.

Kisha mimi. Irine alikuwa kiti cha mbele na viatu vyake. Nilikusudia kusema kwa kifupi kwamba wiki imekuwa ya mafunzo, jambo ambalo ni ukweli mtupu. Lakini Mchungaji akaniomba niinue bahasha juu ili watu waone. Nikainua. Zilikuwa nene! Zilikuwa nene kuliko za Boaz! Karatasi kumi na nne za madeni zinajaza bahasha kuliko noti. Kanisa likasema Amina. Mama mmoja akapiga vigelegele. Na hapa niandike ukweli, maana hili daftari ni la siri: kwa muda kama wa kuhesabu hadi tano, nilifurahi.

Halafu kikapu cha sadaka kikaja.

Kila mtu ananitazama. Irine anatabasamu. Nilikuwa na mia mbili zilizobaki mfukoni, lakini bahasha ya Zaka ilikuwa mkononi, juu, imeandikwa ZAKA kwa herufi kubwa. Nifanye nini? Nikaitumbukiza. Nilijiambia jua likizama nitamtafuta mhesabu sadaka, nimweleze kistaarabu.

Mhesabu sadaka ni Boaz.

Hakungoja nimtafute. Jua lilipozama tu alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Akaniomba tutoke nje, Irine asisikie. Akanipa karatasi yangu. "Nyumba inadaiwa na Zaka 8,800, italipwa Jumatano, riba asilimia kumi. Mkopaji: Nicanor. Mkopeshaji: Mungu. Shahidi: Nicanor."

"Ndugu," akasema, "mwaka wa kumi na moja huu nahesabu sadaka. Nimekuta vifungo. Nimekuta pesa za Uganda. Nimekuta risiti ya kusagisha mahindi. Sijawahi kukuta Mungu amekopesha."

Nilingoja acheke. Miaka yote nimengoja siku ambayo Boaz atanicheka ili nimchukie kwa haki. Hakucheka. Alisema hajaandika kitu kwenye daftari la kanisa, kisha akauliza karo ya mtoto ipo. Nikafungua mdomo kusema ipo. Nikasema haitoshi. Akakaa kwenye ngazi, akaniambia nikae, nikamweleza yote hadi kofia.

Akasema nimwambie Zilpah mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu.

Jumapili, 14 Septemba

Sijalala. Asubuhi nzima nimejizoeza hotuba mbele ya kioo. Ilianza: "Mama Irine, kuna habari njema na habari zinazohitaji uvumilivu." Habari njema nilikuwa bado naitafuta.

Zilpah alishuka kwenye pikipiki saa nne, akaweka mzigo chini, akasema, "Toa hizo karatasi."

Anajua. Anajua tangu Alhamisi! Yule mama mcheshi aliyenunua mikebe miwili ni binamu yake. Nilimpa barafu bure pamoja na jina langu na ninakotoka. Zilpah alikuwa amengoja siku tatu nimpigie simu nimwambie. Kila jioni nilimwambia ugali na mboga.

Alizipanga karatasi mezani, moja moja, akazisoma kwa sauti. Mkopaji Nicanor. Mkopeshaji Nicanor. Nyingine kumi na mbili za namna hiyo, kisha ile ya Mungu. Sijui kama umewahi kusomewa mwandiko wako mwenyewe na mtu aliyechoka. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Irine alisikia yote kutoka chumbani. Akatoka, akasema kwa upole kabisa, "Baba, si neno. Naweza kungoja hadi mwaka ujao." Halafu akavua vile viatu vyeupe, akapangusa soli kwa kitambaa, akavirudisha ndani ya boksi.

Nilitoka nje. Nilienda nyuma ya choo nikalia kama mtoto. Niandike nini tena.

Niliporudi Boaz alikuwepo, ameitwa na Zilpah, wameinamia daftari moja. Boaz ana mpwa wake Sindo mwenye kazi ya kuchaji simu kwa sola. Atachukua friza kwa 20,000, na pesa atazituma leo kwa simu. Nikasema niliinunua 38,000! Wote wawili waliniangalia. Karo imebaki na 14,850. Na Zilpah akaenda kwenye begi lake akatoa 12,000, zamu yake ya chama cha akiba cha akina mama, aliyoingoja tangu Januari. Zilikuwa pesa za mabati ya jikoni. Mvua za Oktoba zitamkuta akipika chini ya paa lile lile linalovuja.

Jumla 46,850. Mia nane na hamsini ni nauli.

Zaka nitailipa mimi. Boaz ana ekari tatu za miwa zinazohitaji palizi, mia nne kwa siku. Siku ishirini na mbili. Zilpah ndiye aliyepiga hesabu. Hakuhitaji kalkuleta.

Jumatatu, 15 Septemba

Homa Bay. Zilpah alienda benki mwenyewe, akanipa stakabadhi niishike, kisha akaichukua tena.

Pale langoni mwa chuo kulikuwa na wazazi wengi na magodoro. Irine alivaa viatu. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Mimi nilisimama kando nikijifanya nasoma ubao wa matangazo. Akaja kwangu, akanitia shilingi mia moja mkononi, akasema ninunue soda, jua ni kali. Mtoto wangu! Nilitaka kumwambia kitu ambacho angekikumbuka. Nikasema asisahau kupiga mswaki.

Njiani kurudi Zilpah hakusema kitu mpaka Rongo. Pale Rongo alisema jicho la mama linaendelea vizuri. Nilishukuru kama mtu aliyepewa ardhi.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya pili ya palizi. Mgongo si wangu tena. Malengelenge manne mkono wa kulia, matatu wa kushoto.

Boaz alipita shambani saa tano na chupa ya uji. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, habari za Sindo. Akasema mpwa wake aliunganisha friza Jumatatu mchana na stima haijapotea hata dakika moja. Jana ameuza mikebe tisini na sita. Tisini na sita! Ndani ya mikebe yangu! Niliukata mua mzima badala ya magugu. Boaz ameuandika.

Nimetumia siku hii kujichunguza mbele za Mungu, bila kujionea huruma, kama Mchungaji anavyotufundisha. Nimejiuliza nilikosea wapi. Je, ni tamaa? Je, ni kiburi? Je, nilimwonea wivu ndugu yangu? Nimetafakari kila mstari wa miwa hadi mwisho na kurudi. Na nimepata jibu, na amani imeniingia moyoni kwa mara ya kwanza tangu Sabato ile ya bahasha.

Ilikuwa stima.

Robi, anayepalilia mstari wa pili, anatoka Kehancha na ana shemeji mwenye jenereta. Imetumika kidogo tu. Elfu ishirini na tano, na kwa mtu mwaminifu anaweza kungojea malipo hadi Desemba. Ni kweli kwamba friza sina. Lakini mtu akishakuwa na jenereta, friza ni jambo dogo.

Malipo ya leo nilikuwa nimeagizwa niyapeleke moja kwa moja kwa Zilpah. Nimempa Robi zile mia nne ampelekee shemeji yake kama malipo ya kwanza. Zilpah nitamwambia jenereta ikishawaka.